Sura ya Tano: Ya Leo au ya Kesho?

Nyumba moja ya Nairobi hununua chakula katika maduka matatu au manne, na kila duka lina siku yake. Mshahara ukiingia, watu huelekea supamaketi na kusukuma toroli: unga, mchele, mafuta ya kupikia ya lita 5, sabuni, karatasi za choo. Wiki mbili baadaye toroli limegeuka kikapu cha mkononi. Mwezi ukiwa kona, safari ni ya duka la mtaani, kwenda kuchukua robo ya sukari na nusu mkate. Na kila jioni, pesa ziwepo au zisiwepo, lazima upitie kwa mama mboga.

Ndiyo maana ubishi kuhusu duka bora hauishi. Huyu husifu bei za Carrefour, yule huapa kwa mikate ya Quickmart, wa tatu husema hajaona mahali panapomfaa kuliko kibanda kilicho langoni pa ploti yake. Wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia tarehe tofauti ya mwezi. Nimewasikiliza wanunuzi kwa muda mrefu, na nimeamini kwamba watu hulipenda duka kwa mambo mawili ya msingi: linauza kwa kipimo kinacholingana na pesa walizo nazo siku hiyo, na wakifika wanakipata walichokifuata. Mengine yote, taa, muziki, kadi za pointi, ni pambo juu ya hayo mawili. Historia ya supamaketi za Kenya inathibitisha hivyo kwa ukali.

Kibanda

Tuanze na kibanda, kwa sababu hata wenye magari husimama hapo. Mama mboga hukaa pale matatu inaposhusha abiria au mlangoni mwa mtaa, na kazi yake huanza kungali giza. Kabla ya jua kuchomoza amekwisha kufika Marikiti, yaani Soko la Wakulima kando ya Haile Selassie Avenue, au Gikomba, Muthurwa ama Kangemi, kulingana na anakoishi. Huko amechagua sukuma wiki, nyanya, vitunguu, karoti na ndizi kutoka kwenye malori yaliyosafiri usiku kucha. Kosa lolote la uchaguzi ni hasara yake mwenyewe, maana nyanya iliyopondeka haina wa kumrudishia.

Mnunuzi akiomba avokado, huulizwa swali moja: ya leo au ya kesho? Kisha vidole hupita juu ya rundo, vikibonyeza kwa uangalifu, mpaka vipate ile inayofaa chakula cha jioni hiyo au ile itakayoiva baada ya kulala juu ya kabati. Swali hilo fupi limebeba huduma ambayo hakuna mashine iliyowahi kuitoa. Muuzaji anaijua bidhaa, anajua mlaji ataitumia lini, na anajiwekea dhamana. Avokado ikipasuliwa na kukutwa nyeusi ndani, mnunuzi atapita hapo kesho, na wote wawili wanalijua hilo.

Jambo la pili linalopendwa hapa ni kwamba pesa hutangulia kipimo. Mtu hasemi kilo, husema, "Nipe nyanya za hamsini, na dania ya kumi." Muuzaji ndiye anayegeuza shilingi kuwa mboga. Mwenye shilingi 100 mkononi anaweza kupanga mlo mzima kwa kuigawanya: sukuma, nyanya mbili, kitunguu, na kitu kidogo cha nyongeza anachotupiwa juu kwa sababu ni mteja wa kila siku. Mizani ya dukani huanza upande wa pili, kilo kwanza na bei baadaye, na mwenye pesa kidogo hubaki akipiga hesabu kichwani huku foleni ikimsukuma.

La tatu ni muda na moto. Sukuma hukatwa nyembamba mbele yako wakati ukisubiri. Maharagwe na githeri huuzwa yakiwa yamechemshwa tayari. Anayetoka kazini saa moja jioni, akiwa na jiko la mtungi mmoja na watoto wanaosubiri, hawezi kukaa saa tatu akichemsha maharagwe. Anaponunua yaliyoiva ananunua pia gesi ambayo hataiwasha. Hesabu hiyo haimo kwenye bei iliyobandikwa popote, lakini kila mama wa Kayole au Kawangware anaijua.

Duka la mtaani

Hatua chache kutoka kibandani kuna duka lenye wavu wa chuma, mwenye duka akiwa ndani na mnunuzi nje. Hufunguliwa alfajiri, wakati watoto wa shule wanapohitaji maziwa, na hufungwa usiku watu wanapokaribia kulala. Hapa ndipo bidhaa za viwandani hupasuliwa vipande: sukari robo, mafuta ya kupima, sigara moja moja, yai moja, majani ya chai ya pakiti ndogo kabisa, nusu mkate uliokatwa kwa kisu.

Ukijumlisha robo nne za sukari za duka hili, utakuta umelipa zaidi ya bei ya kilo nzima ya supamaketi. Wako wanaolitazama jambo hilo na kuwaona maskini kama watu wasiojua hesabu. Mimi naona kinyume chake. Kibarua anayelipwa kwa siku hana pesa ya kilo nzima leo. Anayo ya robo. Akipanda matatu kwenda supamaketi na kurudi, nauli itameza shilingi zote alizotarajia kuokoa. Na sukari ya kilo moja ndani ya nyumba huliwa upesi kuliko robo nne zinazoingia moja moja. Mwenye duka anatoza ziada, ndiyo, lakini kwa ziada hiyo amekuwa ghala la mtaa mzima. Kila nyumba huchukua inachokihitaji siku inapokihitaji, na hailazimiki kufungia pesa zake kwenye kabati.

Halafu kuna daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mwenye duka ameutii usemi huo kwa kalamu ya wino: jina, tarehe, unga pakiti moja, maziwa mawili. Mteja anayekopa hapa hajajaza fomu wala hajaweka rehani. Dhamana yake ni kwamba anaishi nyumba ile pale, watoto wake wanajulikana, na mwezi uliopita alilipa. Siku hizi deni hulipwa kwa simu. M-Pesa ilianza 2007, na kufikia 2013 ilikuja Lipa na M-Pesa, kwa hiyo namba ya kulipia imebandikwa kwenye wavu. Daftari lakini halijaondoka, kwa kuwa linafanya kazi ambayo simu haijaweza kuifanya vizuri: linamtazama mtu na kuamua kama asubiriwe.

Ubaya wake nao usifichwe. Mtu anayekopa hawezi kuhama duka kwa urahisi. Bei ikipanda, atanyamaza, kwa kuwa jina lake limo daftarini. Na kila ombi hutamkwa mbele ya majirani: kiasi unachotaka, kiasi ulichonacho, na kama unalipa au unaandikiwa. Kwa wengi hiyo ni bei nyingine, na nzito.

Bei iliyoandikwa

Ukiliona hilo, utaelewa kwa nini supamaketi ilipokelewa kwa furaha kubwa. Uchumi ilianzishwa 1975, mkono wa serikali ukiwamo, ili bidhaa za lazima ziwafikie wananchi kwa bei wanayoimudu. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kununua. Mtu aliingia mwenyewe katikati ya rafu, akashika, akageuza, akasoma bei na kurudisha bidhaa mahali pake bila kumweleza yeyote sababu. Aliyekuwa na shilingi nyingi na aliyekuwa na chache walisimama mbele ya pakiti moja yenye bei moja. Hakuna aliyeulizwa kwao wapi, na hakuna aliyeongezewa bei kwa sababu ya viatu alivyovaa. Heshima ya bei iliyoandikwa ni jambo ambalo waliozaliwa baadaye hulichukulia la kawaida, lakini lilikuwa jipya, na watu walilipenda.

Jambo la kushangaza ni kwamba kampuni kadhaa zilizolieneza zimetoka Kaunti ya Nakuru. Nakumatt ilianzia mjini Nakuru, ikiuza magodoro. Tuskys nayo ilichipuka upande wa Rongai. Naivas ilianza huko huko Rongai mwaka 1990, chini ya Peter Mukuha Kago. Quickmart ilifungua mlango wake wa kwanza Nakuru mwaka 2006. Nakuru ni mji wa njia panda na wa wakulima, wenye watu wanaoshuka kutoka mashambani wakiwa na pesa za mavuno na orodha ndefu. Muuzaji aliyejifunza kumridhisha mnunuzi huyo, anayekuja mara chache na hataki kurudi mikono mitupu, alikuwa amejifunza jambo linalofaa Kenya nzima.

Unafuu wa supamaketi una chanzo chake. Hununua kwa wingi moja kwa moja kiwandani, kwa hiyo hupata bei ambayo duka la wavu haliwezi kuipata. Hupokea bidhaa leo na kulipa baada ya wiki au miezi, huku mnunuzi akilipa papo hapo. Pesa hizo hukaa mikononi mwake zikifanya kazi. Na huweka bei za mkate, maziwa, unga na sukari karibu kabisa na bei ya ununuzi, ikijua kwamba aliyevutwa na unga ataondoka pia na sabuni, biskuti na dawa ya meno. Mnunuzi hodari huijua njia hiyo: hununua kilicho kwenye ofa, kisha hupita rafu nyingine bila kugeuza shingo.

Rafu tupu

Mwaka 1992 Uchumi iliingia katika Soko la Hisa la Nairobi, na raia wa kawaida wakamiliki sehemu ya duka walilonunulia. Juni 2006 milango yake ilifungwa kwa madeni. Ilifufuliwa, ikarudi sokoni, kisha ikaanza kudhoofika tena. Oktoba 2015 ilifunga matawi yake ya Uganda na Tanzania.

Nakumatt ilikuwa kubwa zaidi. Nembo yake ya ndovu ilionekana Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, ambako mwaka 2014 ilichukua maduka yaliyoachwa na Shoprite ya Afrika Kusini. Matawi yake yalipita 60. Baadhi hayakufungwa usiku wala mchana, na kwa watu wa tabaka la kati kubeba mfuko wake kulikuwa fahari. Kufikia 2017 ilikuwa ikizama katika deni la makumi ya mabilioni ya shilingi. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wake waliamua ifungwe kabisa. Tuskys ilifuata njia hiyo hiyo kuanzia 2020.

Wahasibu wameandika mengi kuhusu upanuzi wa pupa na mikopo ya benki. Mnunuzi aliyaona yote hayo kwa njia moja tu: rafu. Supamaketi isipowalipa wasambazaji, wasambazaji huacha kuleta. Kwanza hupungua chapa, ile unayoipenda haipo ila ipo nyingine. Kisha bidhaa moja husambazwa kwenye nafasi ya bidhaa tano, ikipangwa safu moja mbele ili pengo la nyuma lisionekane. Mwisho maziwa huisha asubuhi. Mteja wa miaka mingi, mwenye kadi iliyojaa pointi, alifika akitaka vitu vinane akapata vitatu. Akavumilia mara ya kwanza, na mara ya pili. Baada ya hapo alivuka barabara, na hakuna tangazo la gazetini lililoweza kumrudisha. Jengo lilikuwa lile lile na wahudumu walikuwa wapole vile vile, lakini kilichomleta hakikuwapo.

Na huko Dar es Salaam, supamaketi hizo za kigeni zilipoondoka, jiji halikulala njaa. Watu waliendelea kwenda gengeni kwa mafungu ya nyanya na bamia, na kwa Mangi, mwenye duka wa mtaani, kwa unga na mafuta ya kupima, kama walivyokuwa wakifanya siku zote. Kipimo kilicholingana na mfuko wao hakikuwa kimeondoka.

Waliobaki

Nafasi zilizoachwa zilijazwa haraka. Carrefour, jina la Kifaransa linaloendeshwa nchini na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, ilifungua duka lake la kwanza The Hub, Karen, mwaka 2016, kisha ikaingia palipokuwa na Nakumatt, kama vile Thika Road Mall na The Junction. Wanaoipenda hutaja bei kwanza: ofa zinazobadilika mara kwa mara, na ukubwa wa duka unaomwezesha mtu kununua sufuria, samaki na televisheni kwa safari moja. Ni duka la mwisho wa mwezi, la mwenye gari au mwenye subira ya foleni.

Naivas imefuata njia nyingine, kuwafikia watu wanakoishi na wanakoshukia matatu, na katika miji ambayo wengine waliipuuza. Ilichukua hata baadhi ya matawi ya mwisho ya Nakumatt. Mwaka 2022 kundi la wawekezaji likiongozwa na IBL ya Mauritius lilinunua sehemu ya umiliki wake. Wateja wake huisifu kwa jambo lisilo na mbwembwe: wanajua watakachokikuta. Quickmart, iliyoungana na supamaketi ya Tumaini, imejijengea jina kwa vyakula vibichi na vilivyopikwa, mboga zilizopangwa vizuri, mkate unaotoka ovenini, kuku wa kubeba. Anayeishi peke yake na kurudi nyumbani usiku huipenda kwa sababu ile ile inayompeleka mwenzake kwenye githeri ya kibandani.

Chandarana ipo tangu 1964 na haijakimbilia kuwa kubwa kuliko zote. Inapendwa kwa kile ambacho wengine hawana: dengu za kila aina, viungo vya mapishi ya Kihindi, jibini, bidhaa kutoka nje. Bei si za chini, na mteja wake haji kutafuta ya chini. Anakuja kwa kuwa pilipili fulani au unga fulani wa chapati upo hapo, na ulikuwapo mwaka jana pia. Kudumu kwake kunaonyesha kwamba duka linaloelewa mnunuzi wake ni nani halilazimiki kushindana na kila mtu.

Nyama, unga na imani

Julai 2019 kituo cha NTV kilirusha makala ya uchunguzi kuhusu kemikali zilizodaiwa kutiwa kwenye nyama za supamaketi ili zionekane bado mbichi. Wengi waliotazama walirudi kwa bucha wa mtaani, ambako nyama hutundikwa ikiwa na muhuri wa mkaguzi na mnunuzi huonyesha kwa kidole anapotaka pakatwe. Novemba ya mwaka huo huo shirika la viwango, KEBS, lilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu. Pakiti nzuri iliyofungwa kwa mashine ilikuwa imekosa uaminifu, na wenye mahindi yao wakayapeleka kinuni wayasage wakiyaona.

Mkasa wa unga wa mwaka 2017 nao haujasahaulika. Ukame uliipandisha bei ya pakiti ya kilo 2 mpaka ikapita shilingi 150, na mwezi Mei serikali ikatangaza unga wa ruzuku wa shilingi 90. Foleni zilijaa supamaketini, na mtu hakuruhusiwa kubeba pakiti nyingi. Katika siku kama hizo tofauti za maduka hujitokeza wazi: supamaketi ndiyo iliyopata unga wa bei nafuu, lakini mwenye duka aliyemwekea mteja wake pakiti moja chini ya kaunta alikumbukwa muda mrefu baada ya bei kushuka.

Masoko nayo yana mtihani wake wa imani. Gorogoro, kopo la kupimia mahindi au maharagwe, hukadiriwa kuwa karibu kilo mbili, lakini kopo lililobonyezwa chini hupunguza, na kopo lililojazwa kwa rundo huongeza. Wanunuzi wazoefu huangalia kitako cha kopo kabla ya kuangalia maharagwe. Muuzaji mwenye kopo lisilobonyea hupata wateja wanaompita jirani yake na kwenda kwake, ingawa bei ni moja.

Anayelipa bei nafuu

Kuna mtu mmoja ambaye mnunuzi hamwoni akiwa dukani, naye ni msambazaji. Mkulima wa maziwa, mwenye kiwanda kidogo cha mtindi, anayefungasha karanga: hao ndio waliokuwa wakiikopesha Nakumatt bila kupenda, na wengine walifilisika pamoja nayo. Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Kenya iliamua kwamba Carrefour ilitumia vibaya nguvu zake za ununuzi dhidi ya msambazaji mdogo wa mtindi, kwa kumdai punguzo na masharti mazito. Uamuzi huo ulitoa onyo kwa biashara nzima. Bei ya chini inayotokana na kununua kwa wingi na kuendesha duka vizuri ni baraka kwa kila nyumba. Bei ya chini inayotokana na kutomlipa mkulima kwa wakati ni mkopo, na mnunuzi ataulipa siku rafu itakapokuwa tupu.

Kwa hiyo, anayetaka kulipima duka lake na alitazame jioni, saa kumi na mbili, wakati kila mtu anapotoka kazini. Je, maziwa yapo? Mkate upo? Chapa za unga ni tatu au imebaki moja? Bei iliyoandikwa kwenye rafu ndiyo inayotoka kwenye risiti? Mwenye shilingi 50 anahudumiwa kwa sauti ile ile anayohudumiwa mwenye elfu tano? Duka linalopita maswali hayo linastahili kupendwa, liwe na ngazi za umeme au wavu wa chuma. Linaloyashindwa halitaokolewa na nembo yake, kwa sababu mnunuzi wa Kenya amekwisha kuwaacha walio wakubwa kuliko hilo.